Unapokodisha Nyumba, Umeuza Nini?



 

Ni familia chache katika visiwa vyetu zisizokuwa na habari ya nyumba ya kodi. Kuna bibi mwenye vyumba viwili uani, kimoja amempangisha mwalimu na kimoja kijana wa bodaboda. Kuna aliyeko Muscat aliyejenga nyumba Fuoni na kumwachia dada yake amkusanyie kodi. Kuna ndugu sita waliorithi nyumba ya baba yao Mji Mkongwe au Wete, chini duka, juu wapangaji. Hawa si matajiri wa majumba. Kodi hiyo ndiyo ada ya skuli, ndiyo dawa ya sukari ya mama, ndiyo mchele wa mwezi. Kwa hiyo dosari ikiingia katika kodi, imeingia katika chungu.

Maswali yanayotufikia juu ya nyumba za kodi karibu yote huja baada ya watu kugombana: mpangaji ameshatolewa vyombo nje, ndugu hawasemezani, fedha zimeshaliwa. Tumeona tuyaandike haya mapema, kwa ajili ya yule ambaye bado hajatoa ufunguo. Tutafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi kwa kuwa ndiyo ya wengi wetu hapa. Ndugu zetu Maibadhi watakuta mengi ni ya pamoja, na panapotofautiana wawaulize masheikh wao.

Kodi ni bei ya nini

Wanazuoni huuita mkataba huu ijara, na wanauhesabu katika mlango wa biashara. Mwenye nyumba anauza, lakini hauzi nyumba. Anauza manfaa ya nyumba, yaani kule kukaa ndani yake, kwa muda unaojulikana na kwa bei inayojulikana. Kuta na ardhi ni zake. Ule ukaaji wa miezi sita alioulipisha si wake tena mpaka miezi sita ipite.

Tunalitia mkazo jambo hili kwa sababu wengi wetu tunaamini kinyume chake: kwamba mpangaji ni mgeni tuliyemkaribisha, na mgeni huondoka mwenyeji akitaka. Si hivyo. Mpangaji ni mnunuzi. Ukishika hili moja, mengi utakayoyasoma hapa chini utaweza kuyajibu mwenyewe.

Ikiwa ni biashara, basi yanatakiwa yajulikane yale yanayotakiwa kujulikana katika biashara. Katika Suratul Qasas, mzee wa Madyan alipotaka Nabii Musa (A.S.) amfanyie kazi, muda ulitajwa tangu mwanzo: miaka minane, na akikamilisha kumi ni kwa hiari yake. Sasa tazama desturi yetu. Tunasema, "Kodi laki na nusu kwa mwezi, karibu." Miezi mingapi? Hakuna aliyesema. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafi ni kuwa kukodisha kwa tamko la "kila mwezi kwa kiasi kadhaa", bila ya kutaja miezi, hakusihi, kwa sababu muda wote haujulikani wala jumla ya kodi haijulikani. Madhehebu mengine yamesema unasihi mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi unaoingia huwa kama mkataba mpya. Ushauri wetu ni kutoka katika khilafu hiyo, na kutoka ni rahisi. Andikeni: miezi sita, kila mwezi shilingi 150,000, jumla shilingi 900,000, kuanzia tarehe kadhaa hadi tarehe kadhaa. Ni mstari mmoja tu. Huo mstari ndio utakaomzuia mwenye nyumba kumwambia mpangaji ahame mwezi wa tatu kwa kuwa shemeji anakuja kutoka Pemba, na ndio utakaomzuia mpangaji kuondoka usiku na kudai arejeshewe miezi iliyobaki.

Kuandika si dalili ya kutoaminiana. Allah (S.W.) ametuelekeza kuandika madeni katika aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, mwishoni mwa Suratul Baqara, na hakuwatoa humo jamaa wala marafiki. Kwa uzoefu wetu, mtoto wa ami ndiye mpangaji anayehitaji maandishi zaidi, kwani kumdai kwa mdomo kunaona haya. Wekeni mashahidi wawili, na sheha ajue nani amehamia katika shehia yake. Siku ya kukabidhiana ufunguo, pitieni vyumba pamoja na mpige picha kwa simu: dirisha lililovunjika, bomba linalovuja, ukuta uliopakwa rangi mpya. Picha hizo hukata maneno mengi siku ya kuhama.

Halafu kuna umeme. Vyumba vinne, mita moja ya TUKUZA, na mmoja kati ya wanne ana friji la kuuzia barafu. Ugomvi huo tumeusikia mara nyingi kuliko ugomvi wa kodi yenyewe. Ikiwezekana kila chumba kiwe na mita yake ndogo. Isipowezekana, semeni kabla ya kuhamia nani atatoa ngapi, na mwenye friji atoe zaidi. Maji vivyo hivyo. Na dalali naye ajulikane ujira wake ni kiasi gani na unatoka mfuko wa nani kabla hajaanza kutembeza watu. Akishafanya kazi, alipwe bila ya kuzungushwa.

Bati likivuja ni la nani

Imam Nawawi, aliyeishi Sham na kufariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho masheikh wetu wamekisomesha vizazi na vizazi, kwamba kutoa ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba na ujenzi wa nyumba ni juu yake. Akiharakia kutengeneza, mkataba unaendelea. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Kisha akaongeza jambo ambalo huwachekesha wanafunzi wa hapa kwetu: kuondosha theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kufagia theluji na taka za uani ni kazi ya mpangaji.

Theluji hatuna, lakini kipimo ni kilekile. Kinachoshikilia nyumba isimame na ikalike ni cha mwenye nyumba: bati, ukuta, mlango mkuu, nyaya za umeme ndani ya ukuta, bomba kubwa. Kinachotokana na kukaa kwa mpangaji ni cha mpangaji: majani ya mwembe uani, balbu iliyoungua, sinki lililozibwa na mabaki ya chakula. Karo la choo nalo limezungumzwa. Mwenye nyumba analazimika kulikabidhi likiwa halijajaa, na akilikabidhi limejaa mpangaji ana hiari. Litakapojaa katikati ya mkataba, bora iwe imeshaandikwa nani ataita gari la kunyonya, maana gharama yake si ndogo na harufu haisubiri kikao.

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapojidhulumu nafsi zao bila ya kujua. Masika yameingia, chumba kinavuja, mpangaji amehamishia kitanda ukumbini. Mwenye nyumba anamwambia, "Vumilia, mvua zikiisha nitaleta fundi." Huku kodi ya chumba hicho ameshaipokea yote! Ameuza kitu, hakukifikisha. Na nyumba ikianguka, au ikawa haikaliki kabisa, ijara inavunjika kwa muda uliobaki. Mpangaji aliyelipa mwaka mzima na kukaa miezi mitano anarudishiwa kodi ya miezi saba. Hiyo si sadaka, ni deni. Kwa sababu hii tunawanasihi wenye vyumba vichache wasiitumie kodi yote ya mwaka siku ileile inapopokewa. Tengeni kidogo kila mnapopokea, iwe ya bati na saruji, ili fundi asije akalipwa kwa mkopo.

Kwa upande wa pili, mpangaji amewekewa amana. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida halipi: rangi iliyopauka, kitasa kilicholegea baada ya miaka mitatu. Analipa alichokiharibu kwa kusudi au kwa uzembe, kama aliyewasha jiko la mkaa chumbani na kuunguza dari.

Nyumba ya marehemu

Kabla ya kuuliza unauzaje, ulizwa kwanza: ni yako? Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu dhulma kubwa ya kodi katika visiwa hivi haipo baina ya mwenye nyumba na mpangaji. Ipo baina ya ndugu wa damu.

Sura yake inajulikana. Baba amefariki, nyumba haijagawiwa, kaka mkubwa ndiye mwenye funguo. Anaikodisha, anapokea, anatengeneza panapobidi, na kinachobaki ni chake. Dada walioolewa wanaambiwa, "Nyinyi mna waume zenu." Mwaka unapita, mitano inapita, baadaye kaka naye anafariki na watoto wake wanaamini kwamba nyumba ile ni ya baba yao.

Tangu saa ile baba alipokata roho, baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni yake na wasia wake, nyumba ni ya warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake. Kodi inaifuata nyumba. Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, hana wazazi. Nyumba inakodishwa 200,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 2,400,000. Mke ana thumni, yaani moja ya nane: 300,000. Zinazobaki 2,100,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, hivyo kila mtoto wa kiume anapata 840,000 na binti 420,000. Zikitoka gharama za matengenezo, zinatolewa kwanza katika ile jumla, kwa risiti, kisha kinachobaki ndicho kinachogawiwa kwa uwiano huohuo. Laki nne na ishirini za binti ni zake awe ameolewa au hajaolewa, awe na mume tajiri au ana mume asiyekuwa na kitu. Mume hakutajwa katika hesabu hiyo hata kidogo.

Wengine wanatuambia, "Dada alisamehe." Huenda kweli. Lakini tujiulize alisamehe vipi. Aliambiwa fungu lake ni kiasi gani, akakabidhiwa mkononi, kisha akalirudisha kwa furaha? Au aliulizwa mbele ya wajomba katika hitima, akainamisha kichwa kwa haya? Mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na haya si ridhaa. Mpe kwanza. Akirudisha, ni hiba yake na Allah Amlipe.

Kaka anayesimamia naye ana haki yake. Kukimbizana na mafundi na wapangaji ni kazi, na warithi wanaweza kukubaliana wampe ujira maalumu. Kilichokatazwa ni kujipangia mwenyewe kimyakimya. Na mrithi anayekaa katika nyumba hiyo peke yake bila ya idhini ya wenzake anadaiwa na wenzake kodi ya mafungu yao, kwa kadiri nyumba mfano wa ile inavyokodishwa mtaani. Wakimruhusu akae bure, wamemfanyia wema.

Wakiwemo mayatima ndani ya warithi, mambo yanakuwa mazito zaidi. Fungu la yatima halisamehewi na mtu yeyote, si mama yake wala ami yake, wala haikodishwi sehemu yake kwa bei ya chini ya soko ili kumfurahisha jamaa. Onyo lililomo katika Suratun Nisaa kwa wanaokula mali za mayatima tunalijua sote. Na mjane akiwa katika eda, miezi minne na siku kumi, asihamishwe katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe ili chumba kipate mpangaji. Tunaliandika hili kwa kuwa linatendeka.

Mirathi isiyogawiwa milango yake ipo: Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na penye mzozo Mahakama ya Kadhi. Nendeni mapema, wakati wazee wanaoijua nyumba bado wako hai.

Tuongeze na jambo la ndugu walio nje, ambalo halipo mbali na hili. Kijana yuko Uarabuni, kila mwezi anatuma fedha, baba anasimamia ujenzi katika kiwanja chake mwenyewe. Je, fedha zile ni zawadi kwa baba, ni mkopo, au baba ni wakala tu? Baba akifariki, kijana atasema nyumba ni yangu, na wenzake watasema kiwanja ni cha baba. Wote wanaweza kuwa wakweli. Karatasi moja iliyoandikwa siku ya tofali la kwanza ingetosha.

Milango ya riba ndani ya kodi

Watu hudhani riba iko benki tu. Ukitazama, katika nyumba za kodi ina milango mitatu hivi iliyozoeleka.

Wa kwanza ni nyumba ya rehani. Mwenye nyumba ana shida, anapokea milioni nane kutoka kwa mtu, na mtu huyo anaingia katika nyumba anakaa bila ya kodi mpaka siku atakaporejeshewa milioni nane zake zote. Nyumba ile kwa kawaida inakodishwa 200,000 kwa mwezi. Akikaa miaka mitatu amepata ukaaji wa 7,200,000 na fedha zake ziko palepale. Huu ni mkopo ulioshurutishwa manfaa kwa mkopeshaji, na wanazuoni wamekubaliana kuwa mkopo wa namna hiyo ni riba, hata ukiitwa rehani na hata pande zote mbili zikiridhia. Rehani katika sheria ni dhamana ya deni, haikuwekwa ili mdai ale matunda yake. Njia ya halali haiko mbali. Milioni nane ikigawiwa kwa 200,000 ni miezi arubaini. Basi mkodishe nyumba kwa miezi arubaini, kodi yote imelipwa mbele, na siku muda ukiisha mnaagana, hakuna wa kumrejeshea mwenzake chochote. Mwenye shida amepata fedha zake na mwenye fedha amepata nyumba.

Wa pili ni fedha ya dhamana anayoitoa mpangaji anapoingia. Hiyo si kodi wala si mali ya mwenye nyumba. Ikiwekwa kama amana haitumiwi. Mpangaji akiruhusu itumike inakuwa mkopo juu ya shingo ya mwenye nyumba, na anairejesha kamili baada ya kukata alichoharibu mpangaji kwa makosa yake. Ikiwa ni mkopo, basi msifanye yale yanayofanyika siku hizi: "Nipe dhamana ya milioni tatu nikupunguzie kodi." Hapo kodi imepunguzwa kwa ajili ya mkopo, na tumerudi kwenye mlango wa kwanza kwa kupitia dirishani.

Wa tatu ni faini ya kuchelewa. Kodi ikishakuwa deni, kuongeza shilingi elfu tano kwa kila siku inayopita ni kuongeza juu ya deni kwa sababu ya muda, na hiyo ndiyo riba ya wakati wa ujahili hasa. Mwenye nyumba hakuachwa bila ya kinga. Anaweza kudai kodi mbele, kutaka mdhamini, au wakubaliane kwamba kodi isipolipwa ndani ya siku kadhaa yeye ana haki ya kuuvunja mkataba na kurudishiwa nyumba.

Na aliyekuwa bado hajajenga, asianze kwa mkopo wa riba akitaraji kodi itaulipa. Tunajua kujenga kwa chumba kimoja kimoja kunachosha. Hata hivyo chumba kimoja kilichokamilika kinaanza kuleta kodi, na kodi hiyo hununua matofali ya cha pili. Benki zetu nazo zimefungua vitengo vya Kiislamu, kama PBZ Ikhlas. Nenda ukaulize, usome mkataba wote, na kabla ya kutia saini umwonyeshe mwanachuoni anayejua fiqhi ya miamala.

Mambo yakibadilika katikati

Mwenye nyumba akifariki, mkataba haufi naye. Warithi wanaipokea nyumba pamoja na mpangaji wake, na kama alikwisha lipa mwaka, hawezi kudaiwa tena wala kutolewa kwa kuwa "sisi hatukukubaliana na wewe". Mpangaji akifariki ni vivyo hivyo: mjane na watoto wake wanamaliza muda uliolipiwa. Nyumba ikiuzwa, biashara inasihi, lakini mnunuzi anangoja mkataba uishe. Kwa hiyo muuzaji amwambie mapema kuwa ndani mna mtu, asije akamghushi.

Kodi haipandishwi katikati. Dola ikipanda, saruji ikipanda, jirani akipata mpangaji wa kizungu wa bei mara mbili, ulichouza umeshauza. Muda ukiisha una hiari ya kutaja bei mpya, na ni katika wema kumjulisha mtu miezi miwili kabla, ajue kama atabaki au atafute pengine kabla skuli hazijafunguliwa.

Mpangaji aliyekwama ni mtihani wa pekee. Kuna anayeweza kulipa na hataki. Huyo ni dhalimu, na kumdai kwa njia za sheria si ukatili. Kuna aliyeachishwa kazi ya hoteli msimu ulipokufa, au mvuvi aliyepoteza mashine. Huyo aya ya Suratul Baqara imeamrisha apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini kumpa muda wa deni lililopita si lazima iwe kumkalisha bila ya mwisho. Mwenye nyumba naye ana watoto. Kaeni, muandike deni, na ikiwa hawezi kuendelea mkubaliane siku ya kuhama. Usikate umeme ili kumfukuza. Usibadili kufuli mkewe akiwa sokoni. Usizuie cherehani yake anayopatia riziki ukidai ni fidia. Mfikieni sheha, kisha wazee wa mtaa, na mkishindwa mahakama zipo.

Yapo pia maswali ya nani akodishwe. Kumkodisha asiyekuwa Muislamu nyumba ya kuishi inajuzu, na akitenda dhambi chumbani mwake mwenye nyumba hakumkodishia dhambi. Kukodisha ukijua kwamba pahala panafanywa baa, kama wanavyoshawishiwa wenye majumba ya Paje na Nungwi kwa fedha nyingi, ni kusaidiana katika dhambi, na wingi wa kodi haubadilishi hukumu. Matumizi ya nyumba yaandikwe katika mkataba: makazi, duka la nguo, skuli ya chekechea.

Zaka

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah katika kikao chake cha mwaka 1985 lilipitisha kwamba nyumba ya kukodisha yenyewe haina zaka. Zaka iko katika mapato, robo ya fungu la kumi, yakifika nisabu na yakapitiwa na mwaka tangu kupokewa. Kwa hiyo bibi wa vyumba viwili, ambaye kodi yake inaishia sokoni Darajani kila mwezi, hatoi kitu, kwani hakuna kilichobaki cha kupitiwa na mwaka. Aliyejiwekea akiba, akaichanganya na fedha zake nyengine, na zote zikafika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopima kwa fedha, mwaka ukipita anatoa asilimia mbili na nusu. Katika milioni arubaini ni milioni moja. Anayejenga nyumba ili aziuze ana hukumu nyengine: hizo ni bidhaa, na thamani yake inahesabiwa kila mwaka kama bidhaa za dukani. Mwenye nia mbili, akodishe sasa na auze baadaye bei ikipanda, atuandikie maelezo yake kamili, kwani jibu lake linategemea ile nia aliyoanza nayo siku aliponunua kiwanja.

Wallahu a'alam.